Mahindi ya Julai na Kitabu cha Kwanza cha Uchumi

Kijana aliyepangiwa kidato cha tano katika shule kongwe kama Tosamaganga ya Iringa hufika shuleni wakati Nyanda za Juu Kusini zinavuna mahindi. Tarehe ya kuripoti hubadilika, mara Juni, mara Julai, mara Agosti, lakini msimu ni uleule. Kabla hajapanda basi, nyumbani kwao kumeuzwa kitu. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, ila tranka, godoro, sare, viatu na nauli bado ni mzigo wa mzazi. Kwa familia nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya, kinachouzwa ni mahindi, na huuzwa bei ikiwa imelala kwa sababu kila jirani naye anauza. Miezi michache baadaye, mavuno mapya yakiwa bado mbali na maghala ya nyumbani yakianza kukauka, mahindi yaleyale hupanda bei, na wapo walioyauza Julai ambao hulazimika kuyanunua tena.

Mwanafunzi huyo akichagua mchepuo wa EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, hukabidhiwa kitabu cha kwanza cha uchumi maishani mwake. Kitabu kinamkuta akiwa tayari ameishi ndani ya somo. Ameona bei ikishuka, ameona mama yake akikubali bei hiyo huku akijua itapanda, na yeye mwenyewe ndiye sababu ya mauzo. Ninavyoamini mimi, ubora wa kitabu cha utangulizi upimwe hapo: kinafanya nini na ujuzi ambao msomaji amekuja nao? Je, kinampa njia ya kuueleza, kuupima na kuuhoji, au kinamtaka auache mlangoni?

Walimu tunavyo vipimo vyetu vya kila siku, na havina ubaya. Tunaangalia kama kitabu kimemaliza muhtasari wa somo, kama mazoezi yake yanafanana na maswali ya Baraza la Mitihani, kama michoro haijakosewa, kama bei yake inalipika na kama gamba litahimili kupita mikononi mwa wanafunzi wengi. Taifa nalo lina vipimo vyake. Mwaka 2013 ubovu wa vitabu vya shule ulijadiliwa kwa ukali bungeni, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vifaa vya elimu ikavunjwa, na jukumu la vitabu likaishia kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Wengi tuliuelewa mjadala ule kama suala la makosa: tarehe zilizokosewa, hesabu zisizotoka, sentensi zilizovunjika. Makosa ya namna hiyo lazima yaondolewe. Lakini kitabu cha uchumi kinaweza kuwa safi kwa namna hiyo yote na bado kikamwacha msomaji haoni.

Kosa la kitabu cha kemia hugunduliwa maabara, maana mchanganyiko haubadiliki rangi kama kilivyosema. Uchumi hauna meza ya namna hiyo shuleni. Picha ya binadamu na soko ambayo kijana anaichukua akiwa na miaka kumi na minane anaondoka nayo, na baada ya muda anakuwa afisa kilimo, karani wa benki, diwani, mnunuzi wa mazao au mwalimu wa wengine. Siku ya kuamua kama mahindi yavushwe mpaka au yazuiwe, atakayeamua atakuwa anaifuata picha ile, hata kama jina la kitabu ameshalisahau.

Basi nifungue kitabu kwanza kwenye sura ya ugavi. Karibu vitabu vyote vinasema kwamba bei ikipanda muuzaji huleta bidhaa zaidi sokoni, na ikishuka hupunguza. Ni kanuni nzuri na inafaa kujifunzwa. Kwa mahindi ya Julai, hata hivyo, haitoshi. Bei imeshuka na mkulima anauza kwa wingi, kwa kuwa anachotafuta ni kiasi fulani cha fedha cha kumaliza shida iliyo mbele yake, na bei ikiwa ndogo magunia ya kuifikia fedha hiyo huongezeka. Tena kuhifadhi kuna gharama zake. Yupo dumuzi, mdudu aliyeingia nchini akitokea Amerika ya Kati na kuenea kuanzia miaka ya 1980, ambaye huyageuza mahindi kuwa unga yakiwa bado ghalani. Ipo dawa ya kununua, upo mfuko maalumu wa kuhifadhia, lipo deni la mbolea. Jirani mwenye mshahara, duka au ng'ombe anaweza kusubiri hadi Januari, na faida ya kusubiri inakuwa yake. Asiye na kingine ila shamba hasubiri.

Kitabu dhaifu kitasema mkulima huyu hana elimu ya soko. Kitabu chenye nguvu kitaonyesha kwamba anaijua bei ya Januari vizuri kuliko mwandishi, ila kusubiri kunamgharimu kuliko kunavyomgharimu jirani yake. Kutoka hapo mwanafunzi anaweza kuongozwa hadi kwenye riba, mikopo, bima na stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005 ili mwenye mazao aweze kuyaweka ghalani na kukopea hati yake. Mambo hayo ambayo kwa kawaida hutawanywa katika sura tatu zisizojuana yanaunganishwa na gunia moja lililouzwa ili mtoto aende shule.

Pili nifungue pale kinapochorwa kielelezo cha uhitaji na ugavi, mstari mmoja ukishuka na mwingine ukipanda. Kwenye mhimili wa wima pameandikwa bei, kwenye ule wa chini pameandikwa kiasi. Mwandishi anachukulia kuwa kiasi kinajulikana. Nenda basi kwenye mashamba ya viazi ya Kilolo au Njombe siku ya kupakia. Gunia linasimamishwa, viazi vinajazwa hadi mdomoni. Linatikiswa, linagongwa chini, vinaongezwa vingine. Kisha mdomoni kunajengwa kichuguu, viazi juu ya viazi, na wavu unashonwa juu yake kwa kamba hadi gunia linaonekana kuvaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa.

"Mwanangu, hilo si gunia moja hilo," mama mwenye shamba anamwambia dalali.

"Ndivyo soko la Dar linavyotaka, mama. Nikipeleka la kawaida narudi nalo."

Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata malori barabarani. Lumbesa inaendelea. Tuseme bei waliyokubaliana ni shilingi 70,000 kwa gunia. Likiwa na kilo 100, mama amelipwa shilingi 700 kwa kilo. Likiwa na kilo 140, amelipwa 500. Hakuna aliyetamka kwamba bei imeshuka. Kwenye daftari la dalali, na labda kwenye ripoti ya wilaya, bei ya viazi wiki hiyo ni 70,000 kama wiki iliyopita.

Humo kuna somo zima ambalo kielelezo cha mistari miwili hakilioni chenyewe. Bei inaweza kubaki palepale huku malipo yakishuka. Mwenye mzani ana nguvu asiyokuwa nayo asiye na mzani. Mnunuzi mmoja aliyefika shambani na lori, mbele ya wauzaji wengi wenye zao linaloharibika, si yule mnunuzi mdogo asiyeweza kugusa bei ambaye sura ya ushindani kamili inamdhania. Tena amri ya serikali peke yake haitoshi ikiwa mkulima anayekataa lumbesa atabaki na viazi vyake. Kitabu kinachomwambia mwanafunzi, kabla ya kuchora mstari wowote, kwamba aulize kwanza kipimo ni kipi na nani anakishika, kimemfundisha jambo atakalolitumia hata akiwa mhasibu wa benki.

Mahali pa tatu ni sura inayohusu serikali kuingilia bei. Hapa vitabu vyetu vingi vina ugonjwa mmoja ambao kila mwalimu anaujua: orodha. Faida tano za udhibiti wa bei, hasara sita, basi. Mwanafunzi anazikariri, anazimwaga kwenye mtihani, anapata alama. Hajaulizwa faida ipi ilikuwa kubwa, kwa nani, kwa muda gani, na nani alilipa. Orodha inazipa hoja zote uzito sawa, wakati kazi ya uchumi ni kupima uzito.

Nyanda za Juu Kusini zina historia yao ya jambo hili. Katikati ya miaka ya 1970, kipindi cha ukame na uagizaji mkubwa wa chakula, serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Songea au Sumbawanga alilipwa sawa na wa Morogoro, ingawa gunia la Songea lilikuwa na safari ya karibu kilomita elfu moja kufika Dar es Salaam. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, ndilo lililobeba nauli. Pamoja na bei hiyo zilikuja mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, na mikoa ya Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ikaanza kujulikana kama mikoa minne mikubwa ya mahindi na kulisha ghala la taifa.

Fuata mnyororo huo hatua kwa hatua, uone unavyofundisha. Bei moja iliwavuta wakulima wa mbali kulima zaidi, maana wao umbali haukuwagharimu. Waliokuwa karibu na Dar es Salaam au karibu na mipaka waliona bei ya magendo ni nzuri kuliko ya shirika, wakauza pembeni. Kwa hiyo NMC ikawa inapokea zaidi mahindi yale ambayo ni ghali kuyasafirisha. Hasara ya shirika ikaongezeka, ikafunikwa kwa mikopo ya benki ya umma, na mwisho wa siku deni likawa la kila Mtanzania. Mwaka 1984 masharti ya biashara ya nafaka yalianza kulegezwa, mwaka 1986 nchi ikaingia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei moja ilikuwa imekwisha na ruzuku ya mbolea inaondolewa. Umbali ukarudi shambani. Mlaji wa mjini alipata soko lenye bidhaa, na wafanyabiashara wakapata nafasi. Mkulima wa pembezoni mwa Ruvuma na Rukwa, aliyejenga nyumba ya bati kwa mahindi ya NMC, akabaki na mahindi yasiyo na mnunuzi.

Sera hiyo ilikuwa nzuri au mbaya? Kitabu cha utangulizi hakilazimiki kumjibia mwanafunzi. Kinalazimika kumpa vitu vya kujibia: nauli, kiasi kilichonunuliwa, ukubwa wa hasara, idadi ya walionufaika, na swali la kama usawa kati ya mikoa una thamani ambayo taifa liko tayari kuilipia. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo atauelewa pia mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje kwa ajili ya usalama wa chakula, na msimu uliofuata wakulima wa mikoa hiihii wakakaa na mahindi yaliyoporomoka bei. Ataona kwamba zuio lile lilikuwa na mlipaji, kama bei moja ilivyokuwa na mlipaji wake, ila safari hii mlipaji alikuwa upande mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo Tosamaganga inakidai kitabu. Vitabu vingi vinaugawa uchumi katika makundi matatu: kaya, makampuni na serikali. Hospitali ya Tosamaganga iwekwe wapi? Ni ya kanisa, inahudumia umma kwa makubaliano na serikali, na kwa miaka mingi imesaidiwa na shirika la madaktari kutoka Italia. Mgonjwa anachangia, serikali inachangia, wafadhili wanachangia. Utawala wake hauongozwi na faida, lakini hauwezi kupuuza gharama ya dawa. Shule nyingi za misheni nazo zilipita mkononi mwa serikali baada ya Azimio la Arusha. Sehemu kubwa ya elimu na tiba ya nchi hii ilijengwa katikati ya soko na dola, na kitabu kisicho na nafasi ya taasisi kama hizo kinaiacha nje hospitali ambayo msomaji wake huenda alizaliwa humo.

Sisemi kwamba kitabu kiwe cha kienyeji tupu. Mifano ya hapa peke yake haikitengenezi kitabu. Nimeona vitabu ambamo tufaha limebadilishwa kuwa embe na dola kuwa shilingi, wala hakuna kingine kilichobadilika. Waliofanya kazi hii kwa heshima kubwa zaidi ni Ian Livingstone na H. W. Ord, ambao mwaka 1968 walitoa utangulizi wa uchumi kwa ajili ya Afrika Mashariki, kisha mwaka 1980 kikatoka Economics for Eastern Africa. Wao waliinua nadharia kutoka kwenye mazao, bodi na biashara za eneo hili, ambazo kwao hazikuwa mapambo ya kubandika mwishoni mwa sura. Hata hivyo kitabu chao nacho kimezeeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki waliyoanza nayo ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa nyingine, na bodi walizozijua zimebadilika au zimekufa. Kitabu cha uchumi kinahitaji kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, na anayekipima aangalie takwimu zake ni za mwaka gani na kama zinasema zimetoka wapi.

Ukubwa wa jina la mwandishi nao si dhamana. Kitabu cha Paul Samuelson, kilichotoka mwaka 1948, kilifundisha vizazi duniani kote, na mwandishi wake akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Toleo la mwaka 1961 lilionyesha kwamba pato la Umoja wa Kisovieti lingeweza kulipita la Marekani, pengine mapema kama mwaka 1984. Matoleo yaliyofuata yaliisogeza tarehe hiyo mbele, na toleo la 1980 liliiweka kati ya 2002 na 2012. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Ninalolichukua hapo ni kwamba msomaji wa toleo moja hakuwa na namna ya kujua kwamba mchoro ule umewahi kusogezwa. Kitabu kingemwambia tulisema hivi, haikuwa hivyo, na hizi ndizo sababu tunazozifikiria, kingemfundisha zaidi ya mchoro wenyewe.

Mfano wa pili wa fundisho lililokuja kuhojiwa ni mshahara wa kima cha chini. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kama sheria kwamba mshahara ukipandishwa kwa amri, watu watapoteza kazi. Mwaka 1994 David Card na Alan Krueger walichapisha uchunguzi wao wa migahawa ya New Jersey na Pennsylvania. New Jersey ilikuwa imepandisha kima cha chini mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake hakupandisha, na upungufu wa ajira uliotabiriwa haukuonekana. Mabishano yaliendelea kwa miongo, na mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel. Mwanafunzi wa Iringa ana sababu ya kulijali jambo hili. Katika mashamba makubwa ya chai ya Mufindi, mchumaji anayeishi kwenye nyumba za kambi na kutibiwa zahanati ya kambi hana waajiri kumi wa kuchagua. Mwajiri akiwa mmoja, mshahara unaweza kuwa chini kuliko thamani ya kazi, na kuupandisha kidogo kunaweza kusipunguze ajira hata moja. Kuupandisha sana wakati bei ya chai imeshuka kwaweza kulifunga shamba. Wapi mpaka ulipo ni jambo la kuchunguza, na kitabu kinachoandika jibu moja kwa herufi nzito kimemnyima mwanafunzi uchunguzi huo.

Kwa hiyo ninapokishika kitabu kipya natafuta ukurasa wenye maneno yale ya kawaida, mambo mengine yakibaki vilevile, kisha nasoma kinachofuata. Je, mwandishi anayataja hayo mambo mengine? Anasema lipi likibadilika kanuni inayumba? Katika nyanda hizi hakuna msimu ambao mambo mengine hubaki vilevile. Mvua hubadilika, bei ya mbolea hubadilika, kama mwaka 2022 ilipopaa kutokana na vita vya Ukraine hadi serikali ikarudisha ruzuku, na mpaka hufungwa na kufunguliwa. Kanuni isiyotajiwa masharti yake inageuka kuwa imani, na mwenye imani haulizi.

Kitabu bora cha kwanza, kwa kipimo changu, ni kile ambacho mwanafunzi akikimaliza anaweza kukibishia kwa zana alizopewa na kitabu chenyewe. Aweze kusema: hapa ulidhani wanunuzi ni wengi, kwetu alikuwa mmoja. Hapa ulidhani kipimo kinajulikana, kwetu kina kilemba. Hapa ulihesabu hasara ya shirika, hukuhesabu aliyepata njia ya kuuza kwa mara ya kwanza. Na aweze pia kukubali pale kitabu kinapomshinda, kwa mfano kinapomwonyesha kwamba ukali wa amri hauzai bidhaa rafuni, jambo ambalo taifa zima lilijifunza kwa foleni za sabuni na sukari miaka ya mwanzo ya 1980.

Kitabu hicho kinaweza kuandikwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kipo hapahapa Iringa na kinafundisha walimu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kipo Mbeya na kina kumbukumbu za mazao ya miongo mingi. Bei za nafaka hukusanywa kila wiki na serikali. Walimu wa uchumi wa Tosamaganga na shule jirani wanajua ni ukurasa gani wanafunzi hukwama na ni ukurasa gani huinua vichwa. Taasisi ya Elimu ikiwaita watu hao mezani kabla ya kuandika, ikawapa rasimu waifundishe mwaka mzima kabla ya kuchapa, na ikaandika chini ya kila takwimu mwaka wake na chimbuko lake, tutapata kitabu kinachostahili akili za vijana hawa. Vijana wenyewe wapo, na wanakuja kila mwaka na maswali magumu kuliko yaliyomo vitabuni. Wanatudai tuyachukue maswali hayo kwa uzito.